Mizigo Miwili ya Udongo

Mimi ni Zakuri, mchunga nyumbu wa jemadari Naamani.
Mto haukuniponya mimi kitu.
Nilishika hatamu tu, nikatazama.

Ilianza jikoni, kwa kijakazi
tuliyemteka kwao, Israeli, meno ya utotoni hayajamtoka yote.
Mpishi alimwita "Wewe", naye akaitika.
Siku moja, akichambua dengu, akamwambia bibi yake:
kwetu yuko mtu, angemponya bwana.
Miaka thelathini nimeyatafuna maneno yale.
Ningekuwa yeye, ningechambua dengu zangu kimya
na kuhesabu vidole vya bwana vikipungua.

Tukafunga safari. Fedha, dhahabu, mavazi kumi,
farasi wa kutazamwa, nyumbu wa kubeba.
Kwa nabii mlango haukufunguka hata nusu.
Akatoka kijana, Gehazi, anapangusa makombo mdomoni:
kaoge Yordani, mara saba.
Akarudi ndani. Basi.

Bwana wangu, mvunja malango ya miji,
alishindwa na ubao uliorudishwa taratibu.
Akageuza gari la vita. Akaitaja mito ya Dameski,
Abana wa maji ya theluji, Farpari usio na tope,
na hakukosea: Yordani una rangi ya mchuzi uliolala.

Sote tukainamia kwato za farasi.
Mzee Matieli peke yake akathubutu:
"Baba, ungeambiwa upande mlima kwa magoti,
saa hizi ungekuwa umechubuka.
Haya ni maji tu."

Mara ya kwanza, hakuna kitu.
Ya pili, ruba.
Ya tatu akauliza zimebaki ngapi.
Ya nne nikataka kucheka, nikajiuma ulimi.
Ya tano kidonda cha begani kiko palepale,
kimefumbuka kama jicho, kinanitazama.
Akazama ya sita, akaibuka vilevile.

Hapo akasimama, maji kiunoni, kitambo kirefu,
huku jeshi lake lote likiwa ukingoni.
Nyumbu wangu mmoja akakojoa. Hakuna aliyecheka.
Sisi watumwa twajua kutii fimbo;
pale hapakuwa na fimbo,
palikuwa na neno la kijana mwenye makombo
na maji yaliyokwisha kumwambia hapana mara sita.
Akainama tena.

Hiyo ya saba waulizeni wapenda miujiza.
Mimi machozi yalinitoka kabla yake.

Nabii akaikataa fedha. Basi bwana akaomba udongo.
Udongo! Niliuchimba mimi, kwa jembe la kuazima,
mizigo miwili, na mizizi yake, na siafu wake.
Hatujafika mbali, Gehazi huyo, mbio, anahema,
na uongo uliokunjwa vizuri: wageni wawili wamefika ghafla.
Tukambebea fedha hadi kilimani, mimi na mwenzangu.
Mifuko ilikuwa myepesi kuliko udongo wangu,
lakini yeye aliitazama kama mtu anayezama.
Baadaye wachuuzi wakatuletea habari:
ukoma wa bwana umehamia kwake.
Nilikosa usingizi. Kinywa kilichotuelekeza mtoni
ni chake yeye.

Dameski, nikaumwaga udongo uani, nikausawazisha kwa kiganja.
Jioni bwana angepiga magoti hapo.
Lakini kulikuwa bado adhuhuri,
na kijakazi akatoka jikoni na mwiko mkononi,
akasimama pembeni ya ule weusi.
Akanusa.
Akavua viatu, akaviweka sambamba,
akakanyaga kwao.

Nyumbu wakaacha kutafuna, au mimi niliacha kuwasikia.
Nikamuuliza, wa kwanza katika nyumba ile,
anaitwa nani.